Sura ya 7: Ukuta wa Shawa Kabla ya Marumaru

Marumaru hazizuii maji kuingia ukutani. Uso wa marumaru wenyewe haupitishi maji, hilo ni kweli, lakini kati ya kipande na kipande kuna grauti, na grauti ya saruji ina vitundu vidogo mno vinavyonyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Shawa ya kawaida humwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika. Nyumba ya watu watano wanaooga asubuhi na jioni huupiga ukuta uleule kwa mamia ya lita kila siku. Kinachopenya ni sehemu ndogo tu ya maji hayo, ila hupenya kila siku, na ukuta haupati nafasi ya kukauka kabla ya mwogaji mwingine kuingia.

Yakishapita kwenye grauti, maji huteremka nyuma ya marumaru, hutuama pale ukuta unapokutana na sakafu, kisha hutafuta njia. Mara nyingi njia hiyo haionekani bafuni. Huonekana chumba cha pili: rangi ya ukuta wa chumba cha kulala, nyuma ya kabati la nguo, usawa wa goti kutoka sakafuni, huanza kutoa malengelenge. Lengelenge likikwanguliwa kwa ukucha humwaga unga mweupe. Unga huo ni chumvi iliyokuwa ndani ya mchanga, saruji na tofali. Maji yameiyeyusha, yameivuta hadi upande wa pili, yakakauka na kuiacha hapo. Mwenye nyumba hukwangua na kupaka rangi upya, na baada ya miezi michache malengelenge hurudi palepale. Lawama huangukia rangi, au fundi marumaru, ilhali kosa lilifanyika siku nyingi kabla yao, siku ambayo ukuta ulikuwa bado mtupu na hakuna aliyeona haja ya kuukinga.

Neno lenyewe la marumaru lina hadithi yake. Asili yake ni jiwe la thamani lililochongwa. Leo, Tanzania hasa, limehamia kwenye vipande vya udongo uliochomwa kiwandani, ambavyo Kenya huitwa vigae. Vipande hivyo havilingani. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 13006, vya poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vile vyepesi vya ukutani, vyenye mgongo mwekundu au mweupe unaokwaruzika kwa kisu, vinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Mnunuzi akiambiwa dukani kwamba poseleni haipitishi maji, ameambiwa ukweli usiomsaidia, kwa kuwa maji hayapiti kwenye poseleni. Yanapita pembeni yake.

Mwambao wa Afrika Mashariki una uzoefu mrefu wa kujenga mahali pa kuogea. Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, lilikuwa na birika la kuogea la pembe nane. Sayyid Said alijenga mahamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850, na mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga yale ya Hamamni katikati ya Mji Mkongwe. Kuta za majengo hayo ni za mawe na chokaa. Chokaa hunyonya maji na kuyaachia tena kwa upole. Ukuta wa saruji uliofunikwa marumaru hauna uungwana huo: maji yakishaingia hutoka kwa shida. Mji Mkongwe wenyewe unaonyesha gharama yake. Mabafu ya kisasa yalipoingizwa kwenye ghorofa za juu za nyumba za zamani, maji yaliyovuja yalifikia ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani, na boriti ikioza kwenye ncha, dari nzima huwa hatarini.

Kukagua ukuta

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hujengwa kwa tofali za saruji au za kuchoma, kisha hupigwa lipu. Ukuta wa namna hiyo ni msingi mzuri wa marumaru kuliko bodi nyingi za viwandani, ilimradi uwe mkavu, mgumu, mnyoofu na usio na vumbi wala mafuta.

Ugumu hupimwa kwa masikio. Ukuta hugongwa kwa mpini wa mwiko au kwa fundo la kidole, kuanzia juu kushuka chini, kila shubiri moja. Lipu iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyoachia hulia tupu kama mtungi. Sehemu inayolia tupu huzungushiwa chaki, hukatwa kwa grainda, hubomolewa hadi kwenye tofali na kupigwa upya. Hapa ndipo huruma huwaponza wengi. Kipande cha lipu kilichoachia kinaweza kukaa ukutani miaka kumi kikiwa kimebeba rangi tu, lakini kikipewa uzito wa marumaru na gundi, yaani kilo 25 au zaidi kwa kila mita mraba, huporomoka na mzigo wake wote.

Msumari na chumvi huonyesha mengine. Lipu ikikwaruzwa kwa msumari ikatoa mchanga laini kama unga wa mhogo, saruji ilikuwa kidogo au ilikauka haraka bila kumwagiliwa. Ukuta wenye ukungu mweupe wa chumvi kabla hata ya bafu kutumika una habari nyingine: ama mchanga ulikuwa wa bahari, ama unyevu unapanda kutoka kwenye msingi kwa sababu tabaka la kuzuia unyevu halikuwekwa au limetobolewa. Unyevu wa namna hii huja kutoka nyuma, na kizuia maji kitakachopakwa mbele kinaweza kusukumwa na kutoa malengelenge kama rangi. Chanzo hutibiwa kwanza.

Mabomba na nyaya

Hakuna lipu inayopaswa kufunika bomba ambalo halijapimwa. Baada ya fundi bomba kuchimbia mabomba ya maji baridi na ya moto ukutani, ncha zote hufungwa kwa vizibo, pampu ndogo ya mkono huunganishwa, na maji husukumwa hadi presha ifike mara moja na nusu ya ile itakayotumika. Mshale wa kipimo huachwa saa kadhaa. Ukishuka, kuna kiungo kinachovuja, na kukitafuta wakati mabomba yako wazi ni kazi ya dakika chache. Mabomba ya plastiki ya kuchomelea, yanayotumika sana sasa, huvuja zaidi kwenye viungo vilivyopashwa moto pungufu, na tone la namna hiyo linaweza kulia polepole kwa mwaka mzima kabla ya kugunduliwa. Hapo hata kizuia maji bora kuliko vyote hakina msaada, maana adui yuko nyuma yake.

Shawa ya umeme, ile inayochemsha maji kichwani mwake, inahitaji neno la pekee. Waya wake hutokeza ukutani karibu na usawa wa mita mbili, mahali penye mvuke na marasharasha. Paipu ya waya hupitishwa ikitokea juu, na mdomo wake huwa juu ya kichwa cha shawa na si chini yake. Waya wa ethi ni wa lazima. Kazi ya fundi marumaru haimruhusu kugusa nyaya hizo, lakini kazi ya anayeziba ukuta inamlazimu kuhakikisha kwamba tundu lake limezingirwa na utando wa kuzuia maji kama tundu la bomba lolote.

Mfereji uliochimbwa kwa ajili ya bomba hujazwa mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga, kisha wavu wa nyuzi za kioo au wa chuma hupitishwa juu yake, ukipita kila upande kwa sentimita 10 hivi. Bila wavu, ufa hufuata njia ya bomba kwa unyoofu wa ajabu, na anayejua kusoma kuta anaweza kuonyesha bomba lilipopita bila kuona mchoro.

Lipu

Lipu ya ukuta wa shawa hutofautiana na ya sebuleni. Ya sebuleni hutakiwa kuwa laini ipokee rangi. Ya shawa hutakiwa kuwa imara, nyoofu na yenye mkwaruzo. Mchanga ni wa mto au wa shimo, uliochekechwa, usio na udongo. Njia ya zamani ya kuujaribu bado inafaa: konzi ya mchanga hufikichwa viganjani; viganja vikibaki na matope, mchanga huo unahitaji kuoshwa au kurudishwa ulikotoka. Mchanga wa bahari haufai hata ukioshwa kwa haraka kwa ndoo mbili tatu, kwa kuwa chumvi inayobaki huvuta unyevu hewani.

Ukuta wa tofali huloweshwa kwanza ili usinyonye maji ya lipu ghafla. Kisha hurushiwa kwa mwiko mchanganyiko mwepesi wa saruji moja kwa mchanga mkubwa mbili, ukaachwa na uso wake wa vipelevipele hadi siku inayofuata. Tabaka hilo ndilo linaloshika. Juu yake hupigwa lipu ya saruji moja kwa mchanga nne, milimita 12 hadi 15 kwa mkupuo mmoja. Ukuta uliopinda sana unaotaka unene zaidi hupigwa mara mbili, siku tofauti. Lipu nene ya mkupuo mmoja huvutwa na uzito wake na kuachia ikiwa bado mbichi.

Unyoofu hukaguliwa wakati huu. Timazi huonyesha kama ukuta umesimama wima, na rula ya aluminiamu ya mita 2 huonyesha mabonde na vilima. Pengo chini ya rula lisizidi milimita 3. Pembe mbili za nyuma ya shawa hukaguliwa kwa hesabu ya waashi wa tangu zamani: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari wa 100 kamili. Fundi marumaru akikuta pembe iliyopinda atalazimika kukata vipande kwa mshazari, na macho hayaachi kuviona hata baada ya miaka.

Uso wa lipu haupigwi uji wa saruji wala hausuguliwi kwa mwiko wa chuma hadi ung'ae. Husuguliwa kwa kibao cha mbao na kuachwa hivyo. Baadhi ya mafundi hung'arisha kwa nia njema, wakiamini kwamba kinachong'aa ndicho kizuri. Lakini uso laini kama kioo haukipi kizuia maji wala gundi pa kujishikia.

Kisha huja subira, ambayo katika ujenzi wa Afrika Mashariki ndiyo malighafi adimu kuliko zote. Lipu humwagiliwa kwa siku saba ili saruji ipate maji ya kukomaa, halafu huachwa ikauke kwa wiki mbili kwa uchache. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, wiki mbili hazitoshi. Ukavu haukadiriwi kwa kiganja. Kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 hubandikwa ukutani kwa selotepu pande zote nne, jioni, na kutazamwa baada ya saa 16 au zaidi. Kukiwa na matone ndani ya nailoni, au lipu chini yake ikiwa nyeusi kuliko iliyoizunguka, ukuta bado unatoa maji.

Kuta za zamani, rangi na jipsamu

Bafu la zamani linalokarabatiwa huleta maswali mengine. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ni wa kwanza. Marumaru zilizobandikwa juu ya rangi zimeshika rangi, hazijashika ukuta, na siku rangi itakapoachia zitaanguka pamoja. Kudonoa ukuta kwa tindo huku na kule, jambo linalofanywa sana, huacha rangi nyingi zaidi ya inayoondolewa. Rangi huondolewa yote kwa grainda au kwa kukwangua, na kwenye ukuta wa shawa mara nyingi ni nafuu kubomoa lipu nzima na kuanza upya.

Jipsamu ni hatari iliyojificha. Kuta nyingi za nyumba mpya hulainishwa kwa jipsamu nyeupe, na fundi huipaka hadi bafuni kwa kuwa ndoo iko wazi. Jipsamu hulainika ikilowa. Zaidi ya hilo, salfeti iliyomo ndani yake, ikikutana na saruji ya gundi penye unyevu, huzaa fuwele zinazotanuka na kuisukuma marumaru kutoka ukutani taratibu. Mgongo wa marumaru iliyoanguka hivyo huwa msafi kana kwamba haikuwahi kubandikwa. Kiwango cha Uingereza BS 5385 kinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mita mraba kwenye ukuta wa plasta ya jipsamu, gundi ikiwamo, na marumaru ya poseleni ya unene wa milimita 10 hukaribia au kupita kiasi hicho peke yake kabla ya gundi kupimwa. Katika eneo la shawa jipsamu yote hukwanguliwa hadi kwenye lipu ya saruji. Kuta za bodi za jipsamu, zinazotumika kugawa vyumba maofisini na kwenye maghorofa, hazifai kubeba shawa. Panapolazimika ukuta mwepesi, bodi za saruji ndizo zinazofaa, na nazo hupakwa kizuia maji vilevile, kwa sababu bodi ya saruji haiozi lakini hupitisha maji.

Kuchagua kizuia maji

Dukani kuna mitungi, ndoo na mifuko mingi, na vyote huitwa kwa jina moja la dawa ya kuzuia maji. Ni vitu tofauti.

Cha kwanza ni unga au kimiminika kinachochanganywa ndani ya lipu. Hupunguza unyonyaji wa lipu na kina faida, lakini lipu ikipata ufa wa unywele, maji hupita kwenye ufa kana kwamba dawa haikuwepo. Ni msaidizi, hakitoshi peke yake.

Cha pili ni lami nyeusi ya maji, inayopendwa kwa bei yake. Kwenye msingi na juu ya slabu ina kazi nzuri. Nyuma ya marumaru haina, kwa kuwa gundi ya saruji haishiki juu yake. Anayeipaka ukutani hujilazimisha kufunga wavu na kupiga lipu nyingine juu, na mwisho hutumia fedha nyingi kuliko alizookoa.

Vinavyofaa ukuta wa shawa ni viwili. Kimoja ni kimiminika cha akriliki, kizito kama mtindi, kinachopakwa kwa brashi au rola na kukauka kikawa kama mpira. Kingine ni mchanganyiko wa unga wa saruji na maziwa ya polima, unaouzwa mfuko na galoni pamoja, ambao ukikauka huwa ngozi ngumu inayoweza kupinda kidogo bila kupasuka. Kiwango cha Ulaya EN 14891 ndicho kinachohusu bidhaa hizi za kupakwa chini ya marumaru, na kuliona jina lake kwenye mfuko ni dalili njema kuliko picha ya matone ya maji. Kwa ukuta wa tofali na hali ya hewa ya mwambao, wa saruji na polima ndio chaguo bora: huvumilia unyevu kidogo uliobaki nyuma yake, na gundi ya marumaru huushika bila kubembelezwa.

Unene ndio unaozuia maji, si rangi inayoonekana. Kiwango cha Ujerumani DIN 18534 hudai utando mkavu wa milimita 0.5 kwa akriliki na milimita 2 kwa ule wa saruji na polima. Hesabu yake ni rahisi. Shawa yenye kuta tatu za jumla ya mita 3.2, zinazopakwa hadi mita 2.1, pamoja na sakafu ya mita 1 kwa 1.2, ina takriban mita mraba 8. Aina nyingi za saruji na polima hutaka kati ya kilo 1.5 na 2 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kazi hiyo itakula kilo 24 hadi 32. Fundi akimaliza shawa ya ukubwa huo kwa kilo 5 na kubakiza, amepaka rangi.

Kupaka

Eneo la kupakwa hutegemea namna watu wanavyooga. Kuta zinazopigwa na shawa hupakwa hadi sentimita 20 au 30 juu ya kichwa chake. Australia, yenye kanuni kali za mabafu, hudai mita 1.8 kutoka sakafuni kwa uchache. Penye kuoga kwa ndoo na kopo, maji hurushwa zaidi kwenye mita moja ya chini. Na kwa kuwa mabafu mengi ya nyumbani hayana pazia wala kizuizi, choo na shawa vikiwa chumba kimoja, sakafu yote hupakwa, pamoja na sentimita 30 za chini za kila ukuta na eneo lote la mpira wa kunawia.

Ukuta husafishwa vumbi kwa brashi na kitambaa chenye unyevu. Akriliki hutanguliwa na praima ya mtengenezaji wake. Ule wa saruji na polima hutaka ukuta uloweshwe kwa maji safi hadi uache kunyonya, kisha usubiriwe hadi mng'ao wa maji utoweke. Unga humiminwa ndani ya maziwa ya polima, si kinyume chake, na kukorogwa kwa drili ya mwendo mdogo hadi mabonge yaishe. Maji hayaongezwi kuurahisisha. Ukianza kugandia ndooni hutupwa.

Kazi huanzia kwenye pembe, na hapa haraka haifai kabisa. Pale ukuta unapokutana na ukuta, na ukuta na sakafu, sehemu mbili za jengo husogea tofauti kidogo kwa joto na uzito, na utando mtupu hukatika. Kwa hiyo mkanda maalumu wa upana wa sentimita 12 hivi, wenye mpira katikati na kitambaa pembeni, hulazwa ndani ya mpako mbichi, hukandamizwa kwa mwiko hadi mapovu ya hewa yatoke, kisha hupakwa juu yake. Katikati ya mkanda huachwa na ulegevu kidogo. Ukivutwa kama ngozi ya ngoma hauna cha kutoa jengo likisogea. Mikanda inapokutana hupandana kwa sentimita 5 au zaidi. Mabomba yanayotokeza ukutani huvishwa vipande vya mpira vyenye tundu dogo kuliko bomba, vikabana. Bomba la kuchanganyia maji lina matundu mawili, shawa moja, mpira wa kunawia moja, na sakafuni kuna tundu la kutolea maji: matano katika chumba kidogo, na kila moja ni mlango wa maji usiofungwa kwa brashi peke yake.

Kidaka cha sabuni, urithi wa nyumba za Waswahili uliorudi kwa jina la mitindo ya kisasa, kinapendeza na kinasumbua. Kina pembe nane ndogo na kingo nyingi, na zote hutaka mkanda. Sakafu yake hupigwa lipu ikiinamia nje kidogo, ili maji yasikae. Kidaka hakichimbwi kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala kwenye tofali la inchi tano, kwa kuwa kinachobaki nyuma ni chembamba mno.

Baada ya pembe na matundu, mpako wa kwanza hupigwa kuta zote kwa brashi pana, kwa msukumo wa kulia na kushoto, ukijaza kila kitundu. Ukishakauka kiasi cha kutoacha alama ya kidole, pengine baada ya saa nne hadi sita na zaidi siku ya mvua, wa pili hupigwa kwa kupanda na kushuka. Watengenezaji wengine huuza rangi mbili, kijivu na nyeupe, ili mahali palipokosa mpako wa pili pajionyeshe penyewe. Taa ya simu ikilazwa ubavuni mwa ukuta hufichua vitundu vya sindano ambavyo mchana havionekani.

Jaribio la maji

Utando ukishakomaa kwa siku ambazo mfuko wake umetaja, tundu la kutolea maji huzibwa kwa kizibo cha mpira, mlango wa shawa huwekewa ukingo wa muda, na maji humwagwa hadi kina cha sentimita 5. Mstari huchorwa kwa penseli ukutani kwenye usawa wa maji. Hakuna anayeingia kwa saa 24. Ndoo ndogo yenye maji yaliyowekewa alama vilevile huachwa pembeni, kuonyesha kiasi kilichopotea kwa kukauka tu. Siku ya pili mistari miwili hulinganishwa, na dari ya chumba cha chini, kama kipo, hukaguliwa kwa kiganja. Jaribio hili hugharimu maji ya ndoo chache na siku moja ya kungoja. Kulikataa ni haki ya mwenye nyumba, lakini si uamuzi wa kumwachia fundi anayelipwa kwa siku.

Fundi marumaru hukabidhiwa ukuta huo pamoja na masharti. Hatumii misumari kushikilia mbao za kuanzia. Habandiki kwa vidonge vya saruji vilivyorundikwa katikati ya marumaru, kwa maana mapengo yanayobaki pembeni huwa visima. Gundi husambazwa kwa mwiko wa meno, na penye maji hutakiwa kufunika angalau asilimia 95 ya mgongo wa marumaru. Pembe hazijazwi grauti, huachiwa silikoni. Naye anayekuja mwisho kabisa kufunga kishikio cha taulo kwa drili, wiki moja baada ya wengine kuondoka, hutoboa utando ule ule uliokaa maji saa 24 bila kupitisha tone. Kishikio kikiweza kubandikwa kwa gundi, kibandikwe. Kisipoweza, tundu hujazwa silikoni hadi ifurike kabla ya plagi na skrubu kuingia.